Kwa mnaoanza kuhakiki mitandao ya vihisi

Wadogo zangu, juma hili nimepokea tena ripoti inayodai kuwa shamba zima limefunikwa kwa sababu namba ya Betti ya daraja la kwanza, yaani hesabu ya matundu kwenye mchoro wa mtandao, imetoka sifuri, na hakuna mahali nusu kipenyo cha kihisi, yaani umbali ambao kihisi hufikia kupima kutoka kilipo, kilipotajwa.

1. Anzeni na uwiano kati ya nusu kipenyo hicho na umbali wa mawasiliano ya redio. Kompleksi ya Rips, yaani mchoro unaounganisha nodi (vifaa vyenye kihisi na redio) zinazosikiana, huijaza pembetatu mara nodi tatu zinaposikiana, bila kujua kihisi kinafika wapi, ndiyo maana wanahisabati Vin de Silva na Robert Ghrist waliweka sharti kwamba nusu kipenyo cha kihisi kisipungue umbali wa mawasiliano uliogawanywa kwa kipeuo cha pili cha 3. Nililikariri sharti hilo, lakini kwenye mikorosho ya Newala, nodi zilipokuwa zinapoteza ujumbe, niliongeza nguvu ya redio mpaka zikasikiana kwa mita 60, ilhali kila kihisi cha unyevu tulikihesabia mita 20. Katikati ya pembetatu ya mita 60 kila upande ni karibu mita 35 kutoka kila nodi. Matundu yote yakazibika kwenye kompyuta, nami nikasaini. Msimu wa maua mwenye shamba alinishika mkono hadi katikati ya nodi tatu, akainamisha tawi, akasema, "Mwanangu, shika." Vidole vyangu vikatoka na unga mweupe. Ulikuwa ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na maua yalikwisha kuwa ya kahawia. Akauliza, "Mtambo wako ulikuwa unaangalia wapi?" Nilikosa jibu, na bado naumia, maana mzee yule aliacha kukagua mashina yale kwa kuiamini saini yangu. Ningebaki na mita 34, matundu yangeonekana nami ningeongeza nodi.

2. Umbali wa mawasiliano upimwe chini ya mikorosho yenye majani mabichi, mvua ikishanyesha, wala si kwenye uwanja wa mpira.

3. Nodi za mpakani zifunge mzunguko kamili, na hesabu irudiwe kila betri inapokufa.

4. Tundu kwenye kompleksi halithibitishi tundu shambani. Mwenzenu mmoja wa Lindi alitaka kununua nodi zaidi kwa ajili ya mraba wa mita 26, ambao nodi zake za pembe zinazokabiliana hazikusikiana kwa kuwa ziko karibu mita 37, wakati mawasiliano yanaishia mita 34. Nilimwomba achukue futi kamba, akapime kutoka nodi moja hadi katikati, akapata mita 18, ambazo kihisi cha mita 20 kinazifikia.