Maswali ya Wasomaji: Vita vya siku tano na Georgia ilivyobadilika baada ya hapo

SWALI: Habari za kazi mhariri. Kuna kitu kinanichanganya kuhusu Georgia. Hawa watu walipigana na Urusi 2008, wakashindwa, wakavunja uhusiano wa kibalozi, wakasema wao sasa ni Ulaya na NATO tu. Leo nasikia ndege zinaruka moja kwa moja kati ya Moscow na mji wao mkuu Tbilisi, mvinyo wao unanyweka Urusi, na serikali yao haielewani na Umoja wa Ulaya. Sasa vita vilibadilisha nini? Au nchi ndogo haina sera ya nje, inafuata upepo tu? – Msomaji wako wa siku nyingi

JIBU: Asante ndugu yangu. Hiyo ya kufuata upepo mimi siikubali kabisa, manake ukiifuatilia Georgia kuanzia Agosti 2008 unaona watu wanaohesabu kila hatua, kuna mahali hesabu imewakataa lakini wanahesabu.

Vita vyenyewe kwa kifupi. Usiku wa tarehe 7 kuamkia 8 Agosti jeshi la Georgia liliupiga kwa mizinga mji wa Tskhinvali, Ossetia Kusini, jimbo lililojitenga tangu mwanzoni mwa miaka ya 90, na hii ilikuwa baada ya siku kadhaa za kurushiana risasi na wapiganaji wa huko. Urusi ikaingia na vifaru na ndege, ikaipita Ossetia ikafika mpaka mji wa Gori, ndani ya Georgia yenyewe, na ndani ya siku tano rais wa Ufaransa Nicolas Sarkozy alishakuwa Moscow na Tbilisi anatafuta makubaliano ya kusitisha mapigano. Tarehe 26 Agosti Urusi ikatangaza kwamba Ossetia Kusini na Abkhazia, jimbo la pili lililojitenga na Georgia, ni nchi huru. Hapo unazungumzia kama asilimia 20 ya ardhi ya Georgia, nchi yenye watu hata milioni 4 hawafiki.

Yaliyofuata haraka unayajua: ubalozi ukafungwa, Georgia ikajitoa kwenye ile jumuiya ya nchi zilizokuwa za Kisovieti, waangalizi wa Umoja wa Ulaya wakaingia tarehe 1 Oktoba. Lakini kuna jambo moja naomba ulishike kwa sababu ndo linaeleza mengine yote. Vita vilipoanza Georgia ilikuwa na askari kama 2,000 Iraq, wanapigana pamoja na Wamarekani, na miezi minne tu nyuma NATO ilikuwa imetamka kwenye mkutano wake kule Bucharest, Romania, kwamba Georgia siku moja itakuwa mwanachama. Marekani ikawarudisha wale askari nyumbani kwa ndege zake, ikaleta dawa, mablanketi, meli za misaada. Askari wa kuja kupigana hakuja hata mmoja.

Sasa ukiwa Tbilisi unaona hayo, unajifunza nini? Kuna walioona kwamba tatizo ni kuwa nje ya mlango, kwa hiyo lazima tuingie ndani kwa bei yoyote, na ndo maana Georgia ikapeleka askari wengi Afghanistan kushinda nchi nyingi za NATO zenyewe ukilinganisha na idadi ya watu wake, na zaidi ya 30 wakafa huko. Na kuna walioona kinyume, kwamba kumbe likitokea la kutokea tuko peke yetu na huyu jirani hahami, basi tusimchokoze. Masomo yote mawili yametoka kwenye vita ile ile, tena mara nyingi yamekaa kwenye kichwa cha mtu mmoja.

Hebu nikupe mfano mmoja ambao mimi naupenda sana, wa Shirika la Biashara Duniani. Urusi ilikuwa inaomba kuingia tangu 1993, na Georgia ilikuwa mwanachama tayari tangu 2000, na pale mwanachama mpya anaingia kwa makubaliano ya wote. Ghafla nchi iliyopigwa ndani ya siku tano ikawa imekaa mlangoni mwa nchi iliyoipiga! Georgia ikasema sawa mtaingia, ila tunataka kujua mizigo inayopita kwenye mpaka wetu na nyie, na ukisema mpaka wetu na nyie maana yake ni pamoja na ule wa Abkhazia na Ossetia Kusini. Urusi haiwezi kukubali hilo manake kwao hizo ni nchi nyingine, Georgia nayo haiwezi kukubali vinginevyo manake itakuwa imesaini kwamba imenyang'anywa. Waswisi wakawa wapatanishi, na walichofanya ni kwamba kwenye mkataba wa Novemba 2011 hakuna palipoandikwa huu ni mpaka wa nani na nani, zimetajwa njia tatu za kupitisha mizigo, na hizo njia zimeainishwa kwa namba za ramani, latitudo na longitudo basi, na kampuni binafsi ya nje ndo isimamie. Urusi ikaingia 2012. Utekelezaji ukasuasua miaka na miaka, ni kweli, lakini niambie hapo upepo uko wapi.

Na wakati huo huo wanadiplomasia wao walikuwa wanahangaika dunia nzima kuzuia nchi zisiyatambue yale majimbo mawili. Walifuata hadi visiwa vidogo vya Pasifiki: Vanuatu na Tuvalu walikuwa wameshaitambua Abkhazia, Vanuatu ikageuka 2013 na Tuvalu 2014. Waliobaki na Urusi kwenye hilo ni wachache mno, Nicaragua, Venezuela, Nauru, na Syria ambayo ilijiunga 2018. Hiyo ni kazi iliyofanywa na wizara ya nchi ndogo isiyo na pesa wala mafuta.

Uchaguzi wa 2012 ulibadilisha sauti. Chama cha Georgian Dream cha tajiri Bidzina Ivanishvili kikaingia, kikafungua njia ya kuongea na Urusi mambo ya biashara na usafiri bila kugusa ya ubalozi, na 2013 Urusi ikaufungulia tena mvinyo wa Georgia ambao ilikuwa imeupiga marufuku tangu 2006. Wengi wanasahau kwamba serikali hiyo hiyo ndo iliyosaini mkataba wa ushirikiano na Umoja wa Ulaya 2014, ikapata ruhusa ya raia wake kuingia Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zilizofunguliana mipaka, bila viza 2017, ikaweka ndani ya katiba kwamba nchi lazima ielekee Ulaya na NATO. Kelele zikaenda magharibi, mvinyo ukaenda kaskazini, na kwa miaka kumi hivi mambo yakaenda.

Uvamizi wa Ukraine 2022 ndo ukaharibu, kwa sababu sasa kila mtu anataka ujibu uko upande gani. Georgia haikuiwekea Urusi vikwazo vyake yenyewe, ndege za moja kwa moja zikarudi Mei 2023, Desemba mwaka huo ikapewa hadhi ya mgombea wa Umoja wa Ulaya, halafu Novemba 2024 waziri mkuu Irakli Kobakhidze akatangaza kwamba habari ya kuanza mazungumzo ya kujiunga haitawekwa mezani mpaka mwisho wa 2028, watu wakajaa barabara ya Rustaveli katikati ya Tbilisi kupinga, usiku baada ya usiku.

Kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2024 chama tawala kilibandika mabango, upande mmoja picha ya jengo la Ukraine lililobomolewa, nyeusi na nyeupe, upande wa pili jengo la Georgia limesimama, lina rangi zake zote, na ujumbe wa kuchagua amani. Hili mimi linaniuma. Hofu ya vita ni ya kweli, wameiishi, ila kuichukua hofu ya watu waliokimbia makwao ukaifanya bango la kura, ukamwambia anayetaka Ulaya kwamba anataka vita, hapana. Kwa hiyo ndugu yangu vita vilibadilisha hivi: tangu 2008 kila swali la sera ya nje Georgia ni swali la kama tutavamiwa tena, na anayelijibu vizuri zaidi ndo anatawala.

SWALI: Kwa hiyo ni nani alianzisha? – Msomaji mwingine

JIBU: Tume iliyoundwa na Umoja wa Ulaya, ikiongozwa na Mswisi Heidi Tagliavini, ilisema 2009 kwamba mapigano makubwa yalianza kwa Georgia kuipiga Tskhinvali na kwamba shambulio hilo halikuwa halali, ila ikasema pia uchokozi ulikuwa wa muda mrefu na Urusi ilipoingia ndani ya Georgia ilivuka mipaka ya kujilinda. Wote wawili wana vipande wanavyopenda kuvisoma na vipande wanavyoviruka.

SWALI: Mimi niulize tu, baada ya miaka yote hiyo wanaongeaje bila ubalozi, na hali mpakani ikoje? – Mama msomaji

JIBU: Shikamoo mama. Wanaongea kupitia Waswisi, yaani Tbilisi kuna ofisi ya maslahi ya Urusi chini ya ubalozi wa Uswisi, na Moscow hivyo hivyo kwa Georgia. Kuna na vikao vya Geneva vilivyoanza Oktoba 2008. Mpakani, yaani kwenye mstari unaoitenga Ossetia Kusini na Georgia, kuna waya wa seng'enge na vibao vya kijani. Kijiji kama Khurvaleti waya umepita karibu na nyumba kiasi kwamba kuna aliyejikuta amebaki upande wa pili na nyumba yake, majirani wakawa wanampitishia mkate na dawa kwenye waya. Na ukitoka Tbilisi kwenda Gori unapita Tserovani, safu kwa safu za nyumba zinazofanana, zimejengwa haraka haraka mwishoni mwa 2008 kwa waliokimbia. Bado wanaishi humo, mama.