Kabla hujawasha umeme wa gereji uliofunga mwenyewe

Ndugu, kama nimekuelewa: umevuta waya wa milimita 2.5 hadi gereji, soketi nne na taa mbili, vyote kwenye breka ya ampea 32. Usiwashe kwanza. Breka hiyo ni kubwa mno kwa laini moja ya waya huo. Waya utachemka ndani ya ukuta na breka isikatike. Weka ya ampea 20, na taa zipe laini yake ya milimita 1.5 na breka ya ampea 10.

Zima swichi kuu. Jaribu testa kwenye soketi yenye umeme isiyotegemea swichi hiyo, kama ya jirani, kisha gereji, kisha rudi ilipoanzia. Testa mbovu nayo haiwaki.

Sasa fungua kila soketi, vuta kila waya kwa vidole. Ukichomoka, skrubu haikukaza, au imebana plastiki badala ya shaba. Hapo ndipo soketi nyingi huanza kuungua, hasa ukichomeka kompresa. Chomoa vifaa na balbu zote, weka multimita kwenye omu: erthi (waya wa ardhi) ya kila soketi hadi boksi kuu isizidi omu 1, laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) zisigusane kabisa.

Kitufe cha kupimia cha RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja) ya miliampea 30 kikikata, usidhani erthi ni nzima, hakiipimi.

Kipimo cha insulesheni (ganda la waya) cha volti 500, na kuunga kwenye boksi kuu, mwachie fundi mwenye leseni. Swichi kuu ikizimwa, waya zinazoingia kutoka mita bado zina umeme.