Kompyuta imekuwa bubu baada ya kupandishwa Windows 11

SWALI: Assalaamu alaykum. Niko Wete, Pemba. Juzi niliipandisha kompyuta yangu ya nyumbani kutoka Windows 10 hadi Windows 11. Tangu hapo haitoi sauti, na kialama cha spika kina mkato. Fundi anataka kubadilisha spika. Nikubali?

JIBU: Waalaykumu salaam. Usikubali kwanza, tafadhali. Mkato huo kwa kawaida huonesha kwamba mfumo mpya hauitambui kadi ya sauti, kwa kuwa draiva yake, yaani programu inayoviunganisha viwili hivyo, imepotea au haipatani nao. Soma namba ya modeli kwenye kibandiko kilicho chini ya kompyuta, pakua draiva ya sauti kutoka tovuti ya mtengenezaji, uisakinishe, kisha uzime kompyuta na kuiwasha upya. Ikishindikana, unaweza kurudi Windows 10 ndani ya siku 10 tangu uipandishe, ingawa Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025.