Upanga Haukumtuma Mtu

SWALI: Salaam aleikum wa safu ya gemu. Mi na binamu zangu kila Jumamosi tunacheza gemu za mapanga na uchawi, na kuna kitu kimeanza kunikera. Kila bosi wa mwisho, yule adui mkubwa wa kumalizia gemu, ukifatilia stori yake utakuta zamani alikuwa mtu mzuri, mara akaokota upanga, mara jiwe, mara kofia ya chuma ya mfalme wa kale, basi akageuka shetani. Kwani waandishi hawana akili nyengine ama hii kitu ina sababu? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Aleikum salaam ndugu yangu. Hili swali mi mwenyewe nshabishana nalo na watu hadi chai ikapoa, kwa hivyo vumilia.

Tuanze na Arthas wa Warcraft III, gemu ya 2002, maana huyu ndiye kila mtu humtaja. Ati alikuwa mwana wa mfalme, mpole, akaushika upanga wa Frostmourne, akaharibika. Sawa, lakini hebu rudisha stori nyuma kidogo. Kabla hata hajausikia huo upanga alishafika mji wa Stratholme, akakuta watu washakula nafaka yenye tauni, akaamua wauawe wote kabla hawajageuka maiti zinazotembea. Mwalimu wake Uther akakataa, Jaina waliyekuwa wakipendana akampa kisogo akenda zake, na yeye akaingia mjini na askari waliobaki upande wake. Halafu akavuka bahari mpaka Northrend kumfuata adui yake, na askari wake walipoitwa nyumbani, akakodi watu wazichome meli zake mwenyewe, kisha akawageukia wale wale aliowakodi akasema ndio wachomaji, wakauawa. Ndipo sasa aingie pangoni.

Na pale pangoni tazama vizuri, ni dakika chache tu. Upanga uko ndani ya barafu, chini kuna maandishi, mbilikimo Muradin anayasoma anamwambia huu umelaaniwa, tuuache twende. Arthas anajibu yuko radhi kubeba laana yoyote bora nchi yake iokoke. Barafu inapasuka, kipande kinampiga Muradin, yuko chini, na mwenzake ashika upanga anaondoka. Sasa niambie wewe, huo upanga ulimharibu saa ngapi? Mi naona ulimkuta kazi ishafanyika, wenyewe ukaja kupiga muhuri tu.

Sisi watu wa Mombasa habari hii twaijua bila hata kushika padi ya kuchezea gemu. Shuka matatu popote, kwenye nguzo ya stima utaona karatasi ya mganga, pete ya bahati, mvuto wa biashara, kurudisha mpenzi aliyekimbia, na namba ya simu kwa wino mwekundu. Anayeinakili ile namba si yule ambaye dukani kwake wateja wanapigana vikumbo, ni yule kuna kitu anakitaka mpaka hakioni chengine, na akifika huko lazima apewe masharti. Tumekua tukihadithiwa habari za tajiri fulani mwenye jini kwenye pete, na hata siku moja sijasikia hadithi ambayo pete ilimfuata mtu aliyetosheka zake amelala. Frostmourne ni pete ya jini, ila ndefu na baridi.

Mwengine wa hivyo ni Siegfried wa Soulcalibur, ile ya kupigana watu wawili wawili, wengi wetu tumeicheza kwa PS2 bila kusoma stori hata mstari mmoja. Yule alimuua babake mwenyewe bila kumjua. Alipogundua akili ikamruka, akajiambia muuaji ni mtu mwengine, akaanza kuutafuta upanga wa Soul Edge apate kulipiza kisasi. Yaani anatafuta silaha ya kumuua mtu ambaye ni yeye. Upanga wenye jicho, jamani, jicho linakutazama kabisa, na bado aliushika! Ndio akawa yule adui anayeitwa Nightmare.

Lakini tusiwamwagie waandishi sifa za bure, kuna sababu ya kifundi pia. Gemu hizi nyingi zimerithi mambo kutoka Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa 1974, na mle laana ilikuwa sheria ya mchezo, ya kumfunza mchezaji asiwe mwepesi wa kuokota. 1976 wakaleta mkono wa mchawi Vecna, mkono mkavu uliokatwa, ukitaka nguvu zake sharti ukate wako uuweke ule pale. Kisha ikaja NetHack ya 1987 kwenye kompyuta, ukishika upanga wenye laana unaganda mkononi, huuweki chini wala hubadilishi silaha mpaka laana iondolewe. Ukishakuwa na sheria kama hiyo tayari, kumtengeneza adui ni rahisi, unasema tu huyu naye aliokota na kikamgandia.

Na hapa ndipo panaponifurahisha mimi. We mchezaji masaa yote yale unafanya nini? Unafungua kila sanduku, unavunja kila mtungi, unaingia nyumba za watu unachukua vya watu, upanga ukiwa na namba ya nguvu kubwa kuliko wako unauvaa hapo hapo, hata kusoma maelezo husomi. Bosi wa mwisho alifanya kazi hiyo hiyo, ila sanduku lake lilikuwa baya.

Sasa uvivu upo, sikatai. Gemu ikinionyesha mtu mwema kabisa, agusa jiwe, macho yawa mekundu, kwisha, hiyo imeniboesha, hapo jiwe ndio mhusika na yeye ni hanga la kutundikia nguo. Hata wazee wetu hawakufanya hivyo. Mwanawe Fumo Liyongo alipomchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba, ile sindano haikuwa na jini wala sauti ya kumnong'oneza. Kijana aliahidiwa cheo na mke kule Pate, ikatosha. Ingekuwa gemu ya leo wangeitia sindano moshi wa zambarau, na hadithi nusu ingekufa.

SWALI: Mbona shujaa ninayemcheza mimi anashika vitu vile vile na hageuki? – Dada wa Likoni

JIBU: Dada, wakati mwingi ni kwa sababu akigeuka gemu itaisha na pesa yako wameshakula, nani atanunua gemu ambayo padi inakataa kukutii? Lakini yuko mmoja aligeuka, na wengi hawakushtuka mpaka gemu iliyofuata. Mwisho wa Diablo ya kwanza, yule shujaa uliyemtoa jasho ngazi kwa ngazi chini ya kanisa, akishamuua yule shetani Diablo mwenyewe anachukua jiwe lililokuwa limefungia roho yake, anajichoma nalo kwenye paji la uso. Anadhani ataizuia mle ndani kwa nguvu zake. Hakuambiwa na mtu, hakurogwa akiwa usingizini, ni ujeuri wa kushinda tu, na kusema kweli baada ya ule ushindi hata wewe ungedhani unaweza.

Itafute Diablo II, ya mwaka 2000, na zile filamu za mwanzo usiziruke kama kawaida yenu. Utaona mtu amejifunika joho anaingia kilabuni, amechoka hata kusimama hawezi, anajishika kichwa, halafu mashetani yanaanza kumtoka na watu wanaungua. Mtazame vizuri. Huyo ulimcheza wewe.