Muulize Fundi: Picha inapanda, haitaki kutulia

Assalaam alaykum fundi. Mjomba wangu aliyeko Muscat kaniletea bodi ya gemu iliyotolewa kwenye mashine kubwa ya kutilia sarafu, ile ya mpangilio wa JAMMA (utaratibu mmoja wa nyaya kwa mashine za gemu), meno 28 kila upande. Nimeipa umeme kwa pawa saplai ya kompyuta kuukuu, nyaya za picha nikazipeleka kwenye SCART, lile tundu pana la pini nyingi nyuma ya TV yetu ya chogo. Sauti ipo. Picha inapanda juu moja kwa moja, na penye weupe panawaka mpaka panavujia pembeni. Kwenye monita ya kompyuta ndiyo haiji kabisa. Jirani anasema bodi imekufa. Ninunue nyingine?
Msomaji, Wete, Pemba

Waalaykum salaam mwanangu. Usinunue kitu. Bodi yenye sauti na picha, hata kama picha inakimbia, i hai.

Monita iweke kando. Bodi hizi nyingi huchora mistari kama 15,700 kwa sekunde, sawa na TV za zamani. Monita ya kompyuta kwa kawaida hutaka kuanzia 31,000 na ushei. Bila kigeuzi hazitasikilizana. Ndiyo maana TV za chogo wanazozitelekeza wateja hapa dukani kwangu Mlandege sizitupi, hata mke wangu akinung'unika.

Sasa hiyo TV. Picha ikipanda, maana yake TV haijui pa kuanzia kuchora. Kazi ya kuiambia ni ya waya wa sinki (sync, ishara ya kupanga picha), unaotoka jino P, upande wa chini wa bodi penye risasi ya kulehemu. Lakini kabla ya kuugusa, chukua mita upime ile volti 5. Pima penye meno ya bodi, usipime kwenye saplai, maana waya mwembamba hula volti njiani. Isishuke chini ya 4.75, isizidi 5.25. Kisha tazama ardhi (ground) ya picha, jino 14: iunge na pini 17 ya SCART. Wengi huunga ardhi ya umeme tu, wakaona yatosha.

Hayo yakiwa sawa, tia rezista (kipingamizi cha umeme) ya omu 470 kwenye waya wa sinki kabla haujafika pini 20. Sinki ya bodi hufika karibu volti 5, na pini ile imetengenezwa kupokea volti 1 hivi. TV ikilishwa kupita kiasi huchanganyikiwa. Wapo watakaokushauri saketi yenye chipu ya LM1881. Ni nzuri, husafisha sinki chafu, ila anza na rezista. Bei yake ni ya pipi.

Weupe unaovuja ni shibe hiyo hiyo. Kila rangi TV huitaka kwa volti 0.7, na monita za mashine za gemu huzoea zaidi sana. Kila waya wa rangi upitishe kwenye kapasita ya maikrofaradi 220, upande wa chanya ukielekea bodi, halafu potenshiometa, yaani rezista ya kuzungusha, ya omu 1,000. Zungusha zote tatu polepole mpaka maandishi meupe yawe meupe kweli, yasiwe na uwekundu wala ubuluu.

Ikiwa bado inapanda, uliza ni gemu gani. R-Type ya Irem, kwa mfano, huchora picha 55 hivi kwa sekunde, si 60, na TV huenda isiifuate. TV nyingine za zamani zina kifundo cha kutuliza picha nyuma, kizungushe hicho. Lakini kifuniko cha TV usikifungue. Ndani mna zaidi ya volti 20,000, na hazitoki zote kwa kuchomoa waya ukutani.

Fundi, picha yangu imetulia ila weupe wote umekuwa zambarau na nyasi zimekuwa nyeusi. TV mbovu?
Msomaji, Nungwi

Kijani hakifiki. Nyekundu ni jino 12 na buluu 13, zote upande wa juu wa bodi, lakini kijani kiko jino N, upande wa pili, nacho husahaulika. Kama waya upo, basi ni kutu. Huko kwenu upepo wa bahari unaingia mpaka kabatini. Zima umeme, chomoa konekta, sugua meno kwa raba nyeupe ya penseli, pangusa kwa spiriti, yaache yakauke ndipo urudishe. Usitumie msasa, utakwangua dhahabu.