Muulize Fundi wa Bunduki: Kitako cha mbao au plastiki kwa baridi yetu hii?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Tandala, Makete. Kibali cha kununua raifo nimeshapata na naenda kuchukua ya risasi saizi .308, yangu ya kwanza. Ng'ombe zangu ziko Mbarali na fisi wananitesa, mwaka huu ndama wawili wamekwenda, afisa wanyamapori wa wilaya anaijua kesi yangu na taratibu zote nafuata. Sasa dukani nimeonyeshwa tatu. Ya kwanza mtutu mweusi unaong'aa na kitako cha mbao, nzuri kweli kweli. Ya pili stenlesi na kitako cha plastiki. Ya tatu stenlesi na kitako cha mbao za tabaka tabaka zilizogandishwa kwa gundi. Moyo unataka ya kwanza, shemeji anasema mbao ni za wazee. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa ndama. Nianze na kitako maana hapo ndo wengi wanapokosea, mtu anaingia dukani anaangalia mtutu tu unang'aa vipi, kitako anakigonga gonga na vidole basi. Kumbe kwa sisi wa huku juu kitako ndo kinaamua risasi inaenda wapi. Kutu unaiona kwa macho na unaifuta, kitako kikipinda hukioni, unakuja kujua fisi ameshapigwa tumboni kaingia kichakani, na mnyama aliyejeruhiwa ni mateso kwake na hatari kwa watoto wa jirani wanaochunga kesho yake.

Mbao hata iwe imekaushwa vizuri kiasi gani inaendelea kupumua. Makete kuanzia Novemba mpaka Aprili ni mvua na ukungu, mbao inakunywa ule unyevu inavimba, kwa urefu haivimbi sana, inavimba kwa upana, basi ile sehemu ya mbele inajipinda kidogo tu inaenda kuegemea mtutu. Mtutu ukifyatuliwa unatetemeka, na ukiwa umeegemewa upande mmoja unatetemeka tofauti na siku ile ulipozero, yaani ulipoirekebisha darubini mpaka risasi ikaenda pale unapolenga. Afu mwezi wa tisa unashuka nayo Usangu, kule bondeni Mbarali kwenye ng'ombe zako, joto na vumbi, mbao inatoa maji inanywea, skrubu zinalegea. Bunduki moja, shabaha mbili.

Niliwahi kuletewa raifo ya mzee mmoja wa Rungwe, na Rungwe mvua unaijua, ilikuwa inapiga kulia karibu kiganja kizima kwenye mita 100 na mwenyewe alishabadilisha darubini mara mbili, hela imekwenda bure. Nikachukua kipande cha karatasi nikakipitisha kati ya mtutu na mbao, kikakwama katikati. Nikakwangua pale kwa msasa, nikapaka vanishi kule ndani ambako hakukuwa na kitu kabisa, nje inang'aa kama meza ya sebuleni ndani mbao tupu. Ikatulia mpaka leo. Kwahiyo simtukani mtu wa mbao, walnati ni mbao nzuri, haina kelele, asubuhi ya baridi shavu lako haliumii ukiligusisha. Lakini inataka mtu wa kuihudumia, karatasi ile uipitishe kila msimu ukibadilika na ukishuka bondeni uzero upya. Ukijijua uko hivo, chukua ya kwanza na moyo wako utulie.

Ya pili, ya plastiki. Plastiki hainywi maji, hilo kweli na ndo sifa yake kubwa. Tatizo zile za bei nafuu zinamiminwa kwenye kalibu na ndani ni tupu, kule mbele laini. Fanya hivi hapo hapo dukani, baada ya kuhakikisha haina risasi: shika mtutu na ile sehemu ya mbele ya kitako kwa mkono mmoja, ubane. Ukiona plastiki inasogea mpaka inagusa mtutu, basi siku utakayoegemeza kwenye jiwe au kuvuta mkanda itafanya hivo hivo na risasi itahama. Halafu kelele. Tawi la mgunga likiikwaruza inalia kama debe, na fisi ana masikio. Kuna vitako vya faibaglasi na kaboni, hivyo ni vigumu kweli kweli na vyepesi, ila bei yake unaweza kununua ndama wengine.

Mi kwa hali yako ningechukua ya tatu. Zile tabaka ni mbao nyembamba kama milimita moja na nusu kila moja, zimelowekwa gundi zikabanwa pamoja, kwahiyo hata moja ikitaka kuvimba wenzake wanaishikilia. Ina ugumu, ina utulivu wa mbao, unyevu hauipati kirahisi, cha muhimu ikikwaruzika mpaka mbao ikaonekana paka vanishi mapema. Ubaya wake ni uzito, inazidi ya plastiki karibu nusu kilo wakati mwingine. Ungekuwa mtu wa kupanda milima ya Livingstone kutwa nzima ningekwambia uiache, lakini wewe unakaa karibu na zizi unasubiri alfajiri, uzito utakusaidia, unatuliza mkono na unapunguza teke.

Sasa chuma. Ule weusi wa kung'aa, bluingi, wenyewe ni aina ya kutu iliyotengenezwa makusudi juu ya chuma, inapendeza ila kinga yake ndogo sana bila mafuta. Stenlesi ina kromiamu ndani yake, kwenye mitutu ni kama asilimia 12 hivi, ndo inaifanya ikatae kutu kwa muda mrefu. Inakataa kwa muda mrefu, sio milele! Jasho la mkono lina chumvi, ukiliacha wiki mbili utaona vidoti vya kahawia. Na raifo ya stenlesi sio yote stenlesi, kuna springi, pini na skrubu za chuma cha kawaida, huko ndo kutu inajificha.

Kitu cha kuangalia kwenye stenlesi ni mng'ao. Kama imesuguliwa kama kioo, jua la alfajiri likiipiga inamulika bonde zima, fisi haoni rangi kama sisi ila mmuliko na kitu kinachosogea anaviona vizuri mno. Tafuta iliyofifishwa. Ukiikosa, kuna Cerakote, ni rangi yenye seramiki, nyembamba kama unywele, inapulizwa inaokwa kwenye oveni, inakinga kutu na inaua mng'ao. Iende kwa fundi mwenye leseni tu, usimwachie fundi magari.

Na jambo moja usilisahau, hili halina stenlesi wala bluingi. Ukitoka nje alfajiri Makete, ule mwezi wa sita barafu nyasini, ukaingia jikoni mbaula inawaka, bunduki yote inatoa jasho kama chupa ya soda baridi, mpaka ndani ya bolti, kile chuma unachovuta kuingiza risasi, na ndani ya mtutu. Iache ndani ya mkoba wake umefungwa, chumba kisicho na moto, mpaka ipate joto taratibu kwa kama masaa mawili hivi. Ndo uitoe uifute.

SWALI: Fundi, niko Tukuyu. Raifo yangu ya bluingi niliihifadhi vizuri tu kwenye mfuko wa turubai, sasa ina vidoti vya kutu mtutu mzima. Nimekosea wapi?

JIBU: Kwenye mfuko, kaka. Turubai, ngozi na sponji vinashika unyevu vinaulaza juu ya chuma usiku kucha. Mfuko ni wa safari. Nyumbani ikae wazi ndani ya sanduku lako la chuma lenye kufuli, imepakwa mafuta ya bunduki, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu weka kadhaa. Vidoti visugue na pamba ya chuma ile laini kuliko zote, sifuri nne, imelowa mafuta, pole pole. Usiguse msasa. Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda yanakuwa gundi. Na kabla ya kupiga, pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu, mafuta yakibaki mle risasi ya kwanza inakwenda kwingine, na yakiwa mengi ni hatari.

SWALI: Kamwene fundi, niko Pawaga. Nataka kuipulizia raifo yangu rangi ya madoa madoa ili mbweha wanaokula kuku na vitoto vya mbuzi wasiione. Nitumie rangi gani?

JIBU: Kamwene. Usipulize. Madoa ya kijeshi kwa raia wa Tanzania ni kujitafutia shida, na rangi ikifunika namba ya bunduki shida ni kubwa zaidi. Kitambaa cha kahawia ukikizungusha kwenye mtutu kinatosha. Ila kibali cha huyo mbweha kiwepo kwanza, na mimi kinachonitia wasiwasi zaidi Pawaga ni kwamba uko jirani na Ruaha na kule kuna mbwa mwitu, hao wamebaki wachache na wanalindwa. Mkia wenye ncha nyeupe usikudanganye, mbwa mwitu anao na bweha miraba, yule mbweha mwenye mstari ubavuni, naye anao. Angalia masikio. Bweha yamechongoka, mbwa mwitu ni makubwa ya duara, na mwili una mabaka meusi, njano na meupe. Ukiona masikio ya duara shusha bunduki, mpigie afisa wanyamapori.