Jibu: Tasnifu ya burudani isomwe na makocha pia, sio maprofesa tu

Mkuu, umeuliza ufanyeje ili tasnifu yako ya vijana na muda wao wa mapumziko isomwe na makocha na maafisa utamaduni wa halmashauri. Kwanza kubali tu hawatasoma kurasa 120, hata mimi sisomi hehe. Mimi yangu ilikuwa ya wacheza bao, nikampelekea afisa mmoja kitabu kizima chenye jalada gumu, miezi baadae nakuta kimewekewa chupa ya chai juu.

Safari ya pili nikaandika kurasa mbili, Kiswahili cha kawaida, nikaanza na linalomuumiza kichwa yeye: hako kahela alikonako aweke taa, mabenchi au mipira? Nadharia usiitupe, ishushe. Robert Stebbins, msosholojia wa Kanada, tangu 1982 anatenganisha burudani ya kupitisha muda na ile ya kujituma ambayo mtu anaijengea ujuzi miaka na miaka. Ukimwambia afisa hivyo atasinzia. Mwambie wale wazee wa bao hawapotezi muda, mtu anapiga hesabu ya kete 64 kwenye mashimo 32 kichwani, huyo anataka kivuli na sehemu ya kudumu, wa kupunga upepo benchi linamtosha. Hapo anatoa kalamu.

Halafu warudishie matokeo uliowahoji, palepale kijiweni. Wangu walinirekebisha mawili, moja aibu kweli, nilikuwa nimechanganya namua na mtaji, zile hatua mbili za mchezo wa bao.